Silaha za Bakteria: Kutoka Kibuyu cha Handeni hadi Wodi ya Korogwe

Maziwa mabichi yakiachwa wazi kwenye joto la Handeni huharibika kabla jua halijazama. Yaleyale yakimiminwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa hukaa siku tano na zaidi, yakaganda, yakachachuka, na bado yakanyweka. Wengi husema siri ni moshi. Moshi una sehemu yake, lakini walinzi hasa ni bakteria waliokwisha kufanya makazi katika kuta za kibuyu. Wanapokula sukari ya maziwa hutoa asidi, na baadhi yao hutoa pia kitu kingine kidogo na kikali: peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, unaoua bakteria jirani bila kumdhuru aliyeutengeneza.

Historia ya peptidi hizi husimuliwa kana kwamba ilitokea New York, Moscow na Reading peke yake. Naona inapaswa kusimuliwa pia kutoka Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kwa sababu pande zake mbili zinakutana hapa: watu waliolea bakteria wema kwa vizazi bila darubini, na hospitali inayoona dawa zikipoteza makali.

Uzigua ya ng'ombe, kabla ya 1914

Katikati ya karne ya 19 Uzigua, nchi inayoizunguka Handeni, haikuwa ya mtama na mahindi tu. Wazigua walifuga ng'ombe, na Waparakuyo, jamaa za Wamaasai waliosukumwa kusini na vita vya ndani, waliingia nyika za Handeni na kando ya Mto Pangani na makundi yao. Maziwa yalibadilishwa kwa nafaka. Kufuga katika nchi ya kupe na mbung'o kulitaka maarifa: kuchoma nyasi kwa wakati wake, kufyeka vichaka, kuwazoesha ndama malisho yaleyale ili miili yao ijifunze mapema kupambana na ndigana.

Kibuyu kilikuwa sehemu ya maarifa hayo. Mama wa boma huchukua kijiti cha mti mgumu, kwa Wamaasai mara nyingi mzeituni wa porini, akachoma ncha yake mpaka iwe kaa jekundu. Hukiingiza ndani ya kibuyu na kusugua kuta zote kwa ncha hiyo, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu, kisha hukung'uta chembe za mkaa. Maziwa humiminwa yakiwa bado na joto la kiwele, na kibuyu kikafungwa. Wageni wengi waliomo ndani hufa kwa moshi na joto. Wanaobaki katika vinyweleo vya kibuyu, wale waliozoea taabu hiyo, ndio mbegu ya mgando unaofuata. Kwa njia hiyo kila boma lilichagua ukoo wake wa bakteria, likautunza na kuurithisha kwa mabinti.

Miaka ya 1890 ilivunja mengi. Sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, njaa ikafuatana na njaa, na utawala wa Wajerumani ukaja na kodi na kazi za lazima. Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza Uzigua ya kati ya 1840 na 1940, ameonyesha jinsi mambo haya yalivyofungana: watu walipopungua na mifugo kufa, vichaka vilirudi, na mbung'o wakarudi pamoja navyo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, na Korogwe ikawa mji wa vibarua wanaonunua chakula. Handeni, iliyoachwa mbali na reli, ilibaki na nyika zake na mifugo iliyosalia.

Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amekwisha kumtambua bakteria wa kifua kikuu, alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Sayansi ya zama zake iliwatazama bakteria kama maadui wa kuwindwa, na ilikuwa na haki, maana ndipo tu chanzo cha kipindupindu na kifua kikuu kilipojulikana. Hata hivyo dokezo la jambo jingine lilikuwapo. Louis Pasteur na Jules Joubert walikuwa wameona mwaka 1877 kwamba bakteria wa kawaida wanaweza kumzuia bakteria wa kimeta asikue. Na mwaka 1907 Ilya Metchnikoff, akiwa Paris, aliandika kwamba maziwa ya mgando hurefusha maisha. Alizidisha madai, lakini alikuwa wa kwanza kuifanya Ulaya ya wasomi iwachukulie bakteria wa maziwa kama walinzi. Bomani hilo halikuwa jambo la kubishaniwa.

Jibini iliyogoma na udongo ulioua, 1925 hadi 1949

Mwaka 1925 huko Ubelgiji André Gratia aliona aina moja ya bakteria E. coli ikiiua aina nyingine ya E. coli. Hilo lilikuwa jambo jipya: sumu ya ndugu kwa ndugu. Ziliitwa kolisini, nazo ni protini kubwa. Baadaye jina pana zaidi, bakteriosini, likapewa kila silaha ya aina hii inayotengenezwa na bakteria dhidi ya jamaa zake.

Maziwa yalifuata punde. Mwaka 1928 Lore Rogers na mwenzake huko Washington waliripoti bakteria wa maziwa wanaozuia wengine kukua. Mwaka 1933 Hugh Whitehead, New Zealand, alikuwa akitafuta sababu ya jibini kugoma kuchachuka. Chachu ilitiwa kwenye maziwa, na chachu ikafa. Alikuta kwamba bakteria wengine waliokuwamo katika maziwa hayo walikuwa wakiiua. Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa hasara tupu, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla mtu hajaigeuza hasara hiyo kuwa faida. Mattick na Hirsch, katika taasisi ya utafiti wa maziwa karibu na Reading, Uingereza, walikitenga kile kinachoua, na kufikia 1947 kilikuwa na jina: nisini.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakichimba udongo. René Dubos, katika Taasisi ya Rockefeller, New York, alitangaza mwaka 1939 kwamba bakteria wa udongo, Bacillus brevis, hutoa mchanganyiko wa peptidi unaoua bakteria wa nimonia. Alichokitenga ndani yake kiliitwa gramisidini. Kikiingia katika damu kilipasua chembe nyekundu, kwa hiyo kikabaki dawa ya kupaka. Lakini ugunduzi wa Dubos ndio uliowashawishi watu waifufue kazi ya penisilini iliyokuwa imelala tangu 1928. Mwaka 1942, vita ikiwa imeibana Urusi, Georgy Gause na Maria Brazhnikova walipata gramisidini yao wenyewe, iitwayo S, nayo ikatibu vidonda vya askari. Mwaka 1943 jeraha la msichana mmoja huko New York likatoa basitrasini, ambayo mpaka leo hupatikana katika poda na malhamu za vidonda katika maduka ya dawa. Mwaka 1947 zikaja polimiksini, na karibu 1949 Japani ikatoa ndugu yao kolistini, tutakayekutana naye tena.

Handeni ya miaka hiyo ilikuwa na msiba wake. Miaka ya mwanzo ya 1930 njaa ilirudi, mbung'o wakashikilia sehemu kubwa ya nyika, na familia nyingi za Wazigua zikabaki bila ng'ombe. Katika nyumba hizo kibuyu cha maziwa kilikauka, na pamoja nacho bakteria waliotunzwa kwa vizazi. Waparakuyo waliohamahama ndio walioendelea nacho. Nasisitiza jambo hili kwa sababu upotevu wa aina hii hauachi kaburi wala kumbukumbu: mfugo wa bakteria ukifa, hakuna anayeona kwamba kuna kilichokufa.

Shanga, pete na vitanzi, 1951 hadi 2004

Baada ya vita swali liligeuka. Vitu hivi vinaua, sawa. Lakini vina umbo gani, na umbo hilo linafanya kazi gani?

Msomaji na aufikirie uzi wa shanga, kila shanga ikiwa asidi amino moja. Uzi mtupu, ulionyooka, haudumu: vimeng'enya vya kuvunja protini, vilivyojaa tumboni, katika udongo na katika maziwa, huukata mara moja. Bakteria anayetaka silaha yake iishi lazima aufunge uzi huo, na namna alizobuni za kuufunga ndizo zinazoifanya habari hii iwe tajiri.

Kuna njia mbili za kutunga shanga. Ya kwanza hupitia ribosomu, mashine inayosoma jeni na kutengeneza protini zote za mwili. Nisini huzaliwa hivyo. Ikitoka kwenye ribosomu ina shanga 57 na haiui chochote, kwa sababu 23 za mwanzo huifanya ilale. Kimeng'enya kimoja hunyang'anya maji kutoka asidi amino fulani, cha pili huziunganisha na sisteini kwa daraja la salfa, na pete 5 zikafungika. Hapo hutolewa nje ya bakteria, na kipande kile cha shanga 23 za mwanzo hukatwa huko nje. Zinabaki 34, na sasa zinaua. Mpangilio huu ndio unaomlinda mtengenezaji: silaha haipewi makali mpaka iwe nje ya nyumba, na hata hapo anazo protini za kumkinga. Erhard Gross na John Morell walilichora umbo kamili wa nisini mwaka 1971.

Njia ya pili haina ribosomu kabisa. Mwanzoni watu hawakuliamini jambo hili, mpaka katika miaka ya 1960 kundi la Fritz Lipmann, katika taasisi ileile ya Rockefeller, lilipoonyesha kwamba gramisidini S na nduguze hujengwa na vimeng'enya vikubwa vilivyojipanga mstari, kila kimoja kikiongeza asidi yake na kumkabidhi wa pili. Kwa kuwa hawafungwi na jeni la peptidi yenyewe, mafundi hawa hutumia asidi amino zisizopatikana katika protini za kawaida, zikiwemo zile zilizogeuzwa kama mkono wa kushoto na wa kulia. Gramisidini S ni duara la asidi 10, yaani 5 zinazorudiwa mara mbili. Polimiksini na kolistini zina pete ya asidi 7, mkia mfupi, na kipande cha mafuta mwishoni. Vankomaisini, iliyotoka katika udongo wa Borneo uliopelekwa Marekani na mmisionari na kuidhinishwa mwaka 1958, ina asidi 7 tu, lakini zimefungwa pembeni hata zikawa kikombe kinachoshika vipande vya ukuta wa bakteria kabla havijajengwa.

Miaka ya 1980 na 1990 maumbo yalimiminika. Mwaka 1986 watafiti wa Granada, Hispania, waliripoti peptidi ya asidi 70 ambayo baadaye ilionekana kuwa haina mwanzo wala mwisho: ncha zake zimeungana. Huko Norway vyuo vya Oslo na Ås vilichunguza bakteriosini za jozi, ambamo peptidi mbili, kila moja ikiwa dhaifu peke yake, hukutana kwenye utando wa adui na kuutoboa pamoja. Plantarisini E na F, za bakteria Lactobacillus plantarum, ni za aina hiyo. Na mwaka 1992, huko Tucumán, Argentina, Raúl Salomón na Ricardo Farías walitenga kutoka kinyesi cha mtoto mchanga E. coli aliyetoa mikrosini J25. Kwa miaka kadhaa umbo lake lilidhaniwa kuwa duara la kawaida. Mwaka 2003 makundi matatu yalithibitisha kwamba ni kitanzi: pete ya asidi 8, na mkia uliopenyezwa ndani ya pete hiyo na kukwama humo, usioweza kutoka hata ukichemshwa.

Afrika nayo ina sehemu katika habari ya maumbo, ingawa kupitia mmea. Mwaka 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, akiwa Kongo, aliona kina mama wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu wa kuzaa. Miaka 35 baadaye ilithibitika kwamba kinachofanya kazi humo ni peptidi ya duara yenye mafundo ya salfa, isiyoharibika kwa kuchemshwa. Kina mama hao walikuwa wameijua dawa hiyo kabla kemia haijaweza kuieleza.

Nisini inauaje? Jibu lilikamilika kati ya 1999 na 2004. Pete zake mbili za kwanza hukishika kichwa cha lipidi II, molekuli inayobeba matofali ya kujengea ukuta wa bakteria. Ujenzi unasimama. Kisha sehemu iliyobaki hupinda na kuingia ndani ya utando, na nisini 8 pamoja na lipidi II 4 huunda tundu. Bakteria huvuja mpaka kufa. Pigo ni mara mbili kwa silaha moja, na ndiyo sababu nisini imetumika kuhifadhi chakula tangu miaka ya 1950, ikakubaliwa na FAO na WHO mwaka 1969, bila usugu mkubwa kuenea.

Togwa na mtindi maabarani, 1973 hadi 2004

Tanzania iliingia katika sayansi hii kupitia lishe ya watoto. Kituo cha Chakula na Lishe Tanzania kilianzishwa mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kikawa chuo kamili mwaka 1984. Swali lao lilikuwa la dharura kuliko la umbo: kwa nini mtoto anayeachishwa ziwa huharisha, na je, togwa inaweza kumsaidia? Wilbald Lorri, Rose Kingamkono na wenzao, wakishirikiana na Wasweden, waliichukua togwa, uji wa nafaka uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke, wakaupandikizia bakteria wa kuharisha. Bakteria hao walikufa au wakashindwa kukua. Kisha wakaenda kwa watoto wenyewe. Kati ya waliokunywa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, waliokutwa na vimelea vya kuharisha walipungua sana kuliko mwanzo.

Mwaka 2003 Jovin Mugula wa Sokoine, pamoja na wataalamu wa Ås, walitangaza majina ya wakazi wa togwa. Aliyeongoza ni Lactobacillus plantarum, na miongoni mwa wenzake alikuwemo Pediococcus pentosaceus. Watafiti wa Kijapani walikuwa wametangaza bakteria wa mgando wa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania mwaka 1994, na mwaka 2004 kundi la Julius Mathara nchini Kenya likaonyesha kwamba katika kibuyu cha Wamaasai wa huko pia plantarum ndiye mwenye nyumba. Ni ukoo uleule unaotoa plantarisini za jozi zilizochambuliwa Norway.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Kinachozuia kuharisha katika togwa na mtindi ni asidi kwanza. Bakteria wa kuharisha, wa homa ya matumbo na wa brusela wana utando wa nje ambao nisini na bakteriosini nyingi za maziwa haziupenyi. Bakteriosini hizo ni kali zaidi dhidi ya jamii nyingine, kama Listeria na Staphylococcus. Kwa hiyo asiyechemsha maziwa kwa kuamini kwamba kibuyu kinaua kila kitu anajiweka hatarini. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe haviheshimu moshi.

Wakati huo Tanga ilikuwa ikibadilika. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, wafugaji wadogo wa mkoa walipata ng'ombe chotara. Vyama vyao vikaungana, na katika miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho mtindi wake unajulikana mpaka Dar es Salaam. Mwaka 2012 na kuendelea, mradi wa Maziwa Zaidi ukaichagua Handeni kuwa mojawapo ya wilaya zake nne. Kwa kipato cha kaya haya yalikuwa maendeleo ya kweli. Lakini mtindi wa kiwandani hutengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto mpaka wakazi wake wa asili wafe, kisha ukatiwa chachu iliyonunuliwa. Ni salama zaidi, na unafanana siku zote. Ukoo wa bakteria wa boma, hata hivyo, hauna nafasi ndani yake. Na dumu la plastiki, jepesi na lisilovunjika, limekuwa likichukua nafasi ya kibuyu katika safari ya kwenda kituo cha kukusanyia maziwa.

Homa zilizobaki Korogwe, 2003 hadi 2017

Korogwe ilijulikana duniani kwa malaria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilijenga kituo chake pale, na kati ya 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2008, watafiti wake walikuwa wameshuhudia maambukizi katika vijiji vya bondeni yakianguka kutoka zaidi ya theluthi mbili ya waliopimwa hadi chini ya moja ya tano.

Ushindi huo ulifungua swali ambalo malaria ilikuwa imelifunika. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka kinasema si malaria. Sasa apewe nini? Mara nyingi jibu la mhudumu, kliniki na dukani, lilikuwa antibayotiki. Mwaka 2013 watafiti walichunguza zaidi ya watoto 800 wenye homa, wa chini ya miaka mitano, katika hospitali ya wilaya ya Korogwe. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa na mengine yasiyohitaji antibayotiki. Wachache walikuwa na bakteria katika damu, na miongoni mwa bakteria hao yule wa homa ya matumbo ndiye aliyeongoza. Sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha kuzoea dawa kongwe: ampisilini, kotrimoksazoli, kloramfenikoli.

Mwezi Novemba 2015 ikaja habari kutoka China. Kolistini, ambayo hospitali duniani zilikuwa zimeiweka kama akiba ya mwisho, ilikuwa imetumiwa kwa miaka katika malisho ya nguruwe na kuku. Bakteria walipata jeni la mcr-1, linalobadilisha chaji ya utando wa nje ili kolistini isipate pa kushika. Zaidi ya hayo, jeni hilo lilikaa kwenye kipande cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Tanzania ilitoa mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017. Ulichelewa kuliko ugonjwa, lakini uliweka jambo moja sawasawa: daktari wa watu, daktari wa mifugo na mkulima wanashika dawa zilezile.

Utafutaji mpya, 2015 hadi leo

Mwaka huohuo wa 2015 kundi la Kim Lewis huko Boston lilitangaza teiksobaktini, peptidi ya asidi 11 kutoka udongo wa Maine, kwa bakteria ambaye hakuwahi kukubali kukuzwa maabarani mpaka alipokuzwa ndani ya udongo wake mwenyewe. Inashika lipidi II, shabaha ileile ya nisini. Mwaka 2016 Wajerumani wa Tübingen wakapata lugdunini kutoka kwa bakteria anayeishi puani mwa binadamu. Mwaka 2025 watafiti wa Hamilton, Kanada, wakatangaza lariosidini, peptidi ya kitanzi kutoka udongo wa nyuma ya nyumba, inayozuia ribosomu ya bakteria kwa njia isiyojulikana kabla.

Kila ugunduzi wa aina hii ulianza mahali pa kawaida: jeraha, kinyesi, pua, ua wa nyumba. Hakuna sababu ya kisayansi ya kuviruka vibuyu vya Handeni. Ila kuna sababu ya kuwa macho. Dawa ya kisukari iitwayo akabosi, ambayo si peptidi bali ni ya jamii ya sukari, ilikuja kutengenezwa na kampuni ya Bayer kwa bakteria wa Ziwa Ruiru nchini Kenya. Habari hiyo ilipojulikana katika miaka ya 2000, watu wengi waliuliza kwa haki Kenya ilipata nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa Chuo cha Sokoine, kwa Taasisi ya Utafiti wa Mifugo na kwa kituo cha Korogwe ni hili. Nendeni Mkata, Handeni, na maboma yanayoizunguka kabla dumu halijamaliza kazi yake. Kaeni na kina mama wanaofukiza vibuyu, wekeni makubaliano ya maandishi ya nani anamiliki nini, kisha chukueni sampuli na kuzihifadhi katika majokofu yenu, zikiwa na jina la kijiji na la mti uliochomwa. Pandeni bakteria hao dhidi ya Listeria, na dhidi ya Staphylococcus anayevimbisha viwele vya ng'ombe wa wilaya hizohizo, mtazame duara safi, alimokufa adui, linapotokea kwenye sahani. Mfugaji anayesoma haya asingoje: achemshe maziwa ya watoto, asimpe ng'ombe antibayotiki bila daktari wa mifugo, na kibuyu cha mama yake asikitupe.